Nyongo Ilipopotea Njia

Binti wa kaka yangu ana selimundu. Chembe zake nyekundu za damu huvunjika upesi kuliko za watu wengine, na ile rangi ya njano inayobaki baada ya kuvunjika imejikusanya ndani ya mfuko wa nyongo mpaka ikawa mawe. Altrasaundi imeyaona. Daktari wake amemweleza kwamba maumivu yanayomkamata usiku chini ya mbavu za kulia yanatoka huko, na kwamba mfuko utolewe kwa upasuaji wa matundu madogo. Bado yuko sekondari, kwa hiyo fomu ya ridhaa inamsubiri mzazi. Alinipigia simu jioni ileile. "Shikamoo shangazi. Wewe si ulifanyiwa hii hii? Kila mtu ananiambia ni kitu kidogo, matundu manne, kesho yake uko nyumbani. Mbona baba hataki kuweka sahihi?"

Baba yake hataki kwa sababu yeye ndiye aliyekesha kwenye benchi la korido usiku nilipofikishwa Dar es Salaam nikiwa na macho ya njano na tumbo lililojaa. Namwelewa. Lakini binti naye ana haki ya kupata jibu lililokamilika, na najua wapo wengine wenye fomu kama yake mkononi.

Nianze na msimamo wangu, usije ukapotea katikati ya habari za maumivu: upasuaji huu ni mzuri. Aliyewahi kumuuguza mtu aliyepasuliwa kwa njia ya zamani, mwenye mshono mrefu chini ya mbavu na asiyeweza kukohoa bila kushika tumbo, hawezi kuubeza. Ninachokihofia kiko kwingine. Udogo wa majeraha ya nje huwafanya watu waamini kwamba na kazi iliyofanyika ndani ilikuwa ndogo. Mgonjwa huamini hivyo, ndugu huamini hivyo, na nimewaona wauguzi na madaktari wakiamini hivyo. Ndani, kazi ni ileile tangu mwaka 1882, Carl Langenbuch alipoutoa mfuko wa nyongo kwa mara ya kwanza mjini Berlin: upo mrija mmoja wa kukatwa, na pembeni yake, karibu sana, upo mwingine usiopaswa kuguswa.

Nilikuwa nafundisha historia katika sekondari moja mkoani Morogoro. Maumivu yangu yalikuja na vyakula vya sherehe. Nikila pilau ya harusi usiku, ikifika saa saba au saa nane naamka na kitu kimenibana chini ya mbavu za kulia, kinazunguka hadi nyuma ya bega, natapika, natembea sebuleni mpaka alfajiri, kisha kinaachia ghafla na asubuhi naingia darasani. Nilitibiwa vidonda vya tumbo kwa miaka. Nilitibiwa taifodi pia, zaidi ya mara moja. Nilikunywa dawa za kupunguza asidi na kuacha maharage, pilipili, malimau na chai ya rangi. Hakuna aliyeweka kifaa cha altrasaundi juu ya ini langu mpaka nilipozidiwa wakati wa mitihani na kukimbizwa katika hospitali moja ambako mtaalamu wa picha aliyaona mawe mara moja.

Miaka hiyo ya kuhangaika na vidonda vya tumbo nisivyokuwa navyo ilikuwa na gharama niliyoijua baadaye. Kila jiwe linapoziba mlango wa mfuko, mfuko unaweza kuvimba na kuwaka. Ukipoa, unaacha kovu. Kuta zake zinanenepa, unashikana na utumbo na mrija mkuu uliokuwa jirani tu, na ile pembe nyembamba ambamo daktari anatafuta mrija wa kukata inageuka tishu ngumu isiyosomeka. Kwa hiyo upasuaji wangu ulianza kuwa mgumu muda mrefu kabla sijalazwa. Nikisikia mtu, hasa mama aliyekwisha kuzaa na kuvuka miaka arobaini, ana maumivu ya namna hii baada ya mlo wa mafuta na anaendelea kubadilishiwa dawa za vidonda vya tumbo, namwambia aombe altrasaundi. Haina sindano na haina mionzi.

Daktari aliyenipasua alikuwa mpole na alinieleza vizuri. Tundu moja kitovuni, jingine chini ya mfupa wa kifua, na mengine mawili madogo upande wa kulia. Tumbo linajazwa hewa ya ukaa ili ukuta wake uinuke, kamera inaingia kitovuni, na yeye anafanya kazi akitazama runinga. Mrija mwembamba unaounganisha mfuko na mrija mkuu unabanwa kwa klipu ndogo za chuma na kukatwa, mshipa wa damu vilevile, kisha mfuko unabanduliwa kutoka kwenye ini na kutolewa. Nikafurahi. Fomu ililetwa baadaye na nesi, imeandikwa kwa Kiingereza, nikaonyeshwa mstari wa sahihi. Mimi Kiingereza nakisoma. Bibi wa kitanda cha jirani aliyeweka dole gumba hakujua amekubali nini. Na hata mimi niliyeisoma, fomu haikunieleza jambo ambalo leo naliona kubwa kuliko yote: daktari atafanya nini akiingia ndani na kukuta haoni vizuri?

Swali hilo lina historia yake, na nilipokuwa kitandani baadaye nilipata muda wa kutosha wa kuisoma. Mtu wa kwanza kutoa mfuko wa nyongo kwa matundu alikuwa Mjerumani, Erich Mühe, katika mji wa Böblingen, Septemba 1985. Alipowasilisha kazi yake mbele ya madaktari wenzake wa upasuaji hawakumpokea, na mgonjwa wake mmoja alipofariki akashtakiwa mahakamani. Baadaye akaachiwa huru, na mwaka 1992 chama cha madaktari haohao kikamtunuku. Wakati huo Philippe Mouret wa Lyon alikuwa ameshafanya upasuaji wake wa mwaka 1987, na Wafaransa wenzake wakaueneza. Baada ya hapo wagonjwa wenyewe ndio waliosukuma gari hilo. Walitaka matundu. Madaktari wengi walijifunza katika kozi fupi fupi, na kwa miaka kadhaa ajali za kukatwa mrija mkuu zikaongezeka. Katika upasuaji wa wazi ajali hiyo ilimpata mtu mmoja au wawili katika kila wagonjwa 1,000. Katika miaka ya mwanzo ya matundu ilifika watatu hadi watano au sita katika 1,000. Imepungua mahali penye uzoefu, lakini haijaisha.

Idadi ni ndogo, na ndivyo inavyotakiwa kusomwa. Katika 1,000, zaidi ya 990 hawapati ajali hii. Ila ukiwa wewe ndiye mmoja, wale wengine hawakupunguzii chochote.

Upasuaji wangu ulichukua muda mrefu kuliko nilioambiwa. Nilipozinduka kutoka kwenye nusu kaputi daktari alisimama miguuni mwa kitanda akasema kulikuwa na kushikana-shikana, lakini kazi imekwisha salama. Kesho yake nikaruhusiwa. Mume wangu alikodi teksi badala ya bajaji ili nisirukeruke barabarani.

Nyumbani walikuja kunipa pole. Wanawake wa mtaani na walimu wenzangu waliketi mkekani, na kila mmoja alitaka kuona. Nikafunua kanga. Plasta nne ndogo. Jirani yangu aliyejifungua watoto wake wote kwa upasuaji akanipa pole kwa dhati kabisa, kisha akasema kwamba kwa vidonda hivi Jumatatu nitakuwa ubaoni. Mama mkwe alinisifu kwa watu kwamba sikulia. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini tangu saa ile nilikuwa nimepangiwa ukubwa wa maumivu ninaoruhusiwa kuwa nao, na ulikuwa ukubwa wa plasta nne.

Bega la kulia liliniuma. Nilikuwa nimeambiwa litauma, na ni kweli: hewa inayobaki tumboni huchokoza kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho huyapeleka maumivu begani. Hayo hupungua kila siku na kwa kawaida huisha katika siku mbili tatu. Yangu yaliongezeka. Tumbo likaanza kujaa, hamu ya chakula ikakatika, nikawa na homa ya chini chini ya jioni. Nilipiga simu wodini. "Mwalimu, hiyo ni gesi tu. Tembea tembea, kunywa maji ya moto." Nikatembea uani nikiwa nimejishika ukuta. Nikapiga tena, nikapewa jibu lilelile kwa sauti ileile ya upole.

Nyongo inapovuja tumboni kabla haijaingiwa na vijidudu haifanyi tumbo kuwa gumu kama ubao, jambo ambalo kila muuguzi amefundishwa kulihofia. Inajaa taratibu. Mgonjwa anajisikia vibaya tu, anakataa uji, anavimba kidogo, anashindwa kueleza kinachomsumbua. Ndiyo maana hupuuzwa. Nilichofundishwa baadaye, na ambacho ningetaka kibandikwe ukutani katika kila wodi ya upasuaji, ni kwamba aliyetolewa mfuko wa nyongo kwa matundu anatakiwa kuwa afadhali leo kuliko jana. Asipokuwa afadhali baada ya siku moja au mbili, achunguzwe. Haihitaji kusubiri macho yawe ya njano.

Yangu yalisubiriwa. Mdogo wangu wa kike alikuja kunitembelea, akanitoa kwenye mwanga wa mlango, akanishika kidevu. Hakusema kitu. Akaenda kutafuta gari. Katika hospitali ya pili tuliyokwenda alinipokea daktari kijana aliyekuwa bado katika mwaka wa mafunzo kazini. Alivuta kiti akaketi, akauliza: mkojo una rangi gani? Kama chai kavu. Choo? Cheupe. Mwili unawasha? Usiku kucha. Akanipima kwa altrasaundi, akaona maji mengi chini ya ini, akachoma sindano kwa uangalifu akavuta. Kilichotoka kilikuwa kijani kibichi chenye njano. Akaeleza kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba ile ni nyongo, iko mahali isipotakiwa kuwa, na kwamba hospitali yao haina uwezo wa kunitibu kwa hiyo ataanza dawa za mishipani na kunihamisha usiku uleule. Sijui yuko wapi siku hizi. Alikuwa mdogo kiumri kuliko wanafunzi wangu wa kwanza.

Dar es Salaam ndiko nilikochorewa. Daktari bingwa alichukua bahasha ya picha zangu, akaandika herufi Y akaigeuza kidogo. Mirija miwili inatoka kwenye ini, inaungana kuwa mrija mkuu unaoshuka kwenda kwenye utumbo mwembamba. Pembeni ya mrija mkuu kuna tawi fupi linalokwenda kwenye mfuko. Tawi ndilo linalokatwa. Kwangu, alisema akigonga kwa kalamu, klipu zimekaa kwenye mrija mkuu, na kipande kimeondoka pamoja na mfuko. Nyongo inayotengenezwa na ini, kati ya nusu lita na lita nzima kwa siku, ilikuwa imezibiwa njia ya chini na kupasukia tumboni.

Nilimuuliza jinsi mtu aliyesoma miaka yote ile anavyoweza kukata mrija usio wenyewe. Hakumlaumu mwenzake wala hakumtetea. Alisema mfuko wenye makovu ukivutwa juu huuvuta na mrija mkuu, nao unanyooka mpaka unafanana kabisa na tawi. Picha ya runingani ni bapa, mkono hauigusi nyama yenyewe, na macho yakishaamini yaliyoyaona mwanzo hutafsiri kila kinachofuata ili kikubaliane na imani hiyo. Mwaka 2003 Lawrence Way na wenzake huko San Francisco walichambua ajali 252 za namna hii wakakuta kwamba karibu zote, asilimia 97, chanzo chake kilikuwa macho kudanganyika. Mikono isiyo na ustadi ilihusika katika chache mno.

Maelezo hayo yaliniondolea hasira nusu na kuniongezea swali. Kama macho ya mtu hodari yanadanganyika, basi kumwambia awe hodari zaidi hakutoshi. Anahitaji kanuni ya kumsimamisha. Kanuni ipo. Steven Strasberg, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliieleza mwaka 1995: usibane wala kukata chochote mpaka umesafisha mafuta na nyuzi zote katika ile pembe nyembamba, umebandua sehemu ya chini ya mfuko kutoka kwenye kitanda chake cha ini, na unaona vitu viwili tu, viwili basi, lile tawi na mshipa wa damu, vikiingia kwenye mfuko. Usipoviona, simama. Mwite mwenzako. Piga picha ya mirija kwa dawa. Kata kipande cha mfuko tu na kuacha shingo yake mahali pake, au fungua tumbo kwa njia ya zamani. Ikibidi, weka mrija wa kutolea maji, funga, mpeleke mgonjwa kwa mwenye uzoefu zaidi.

Wodi ile ilinionyesha kanuni hiyo kwa watu. Nilikaa wiki nyingi, kwa sababu mrija uliokatwa ukichelewa kugundulika hauungwi papo hapo. Nyama zilizolowa nyongo na usaha hazishiki uzi. Kwanza wanatoa uchafu, wanatibu maambukizi, wanaacha uvimbe utulie. Nyongo yangu yote ilikuwa ikitoka kwa mrija wa mpira hadi kwenye mfuko wa plastiki ubavuni. Nilichomwa sindano za vitamini K, maana bila nyongo utumbo haufyonzi vizuri mafuta na vitamini zake, na damu inakosa uwezo wa kuganda. Nilirudishiwa maji na chumvi kwa dripu. Nilisali nikiwa nimekaa, na nilijifunza kulala upande mmoja.

Kwenye kitanda cha kwanza karibu na mlango alikuwepo mama aliyetolewa mfuko mahali pengine na nyongo yake kuvuja kama yangu. Klipu ya kwenye tawi ndiyo iliyoachia. Mrija mkuu ulikuwa mzima. Walimpitishia kamera mdomoni hadi kwenye mlango wa mrija ndani ya utumbo, wakaweka kijimrija cha plastiki ili nyongo ipate njia rahisi ya kushuka, na tundu likaziba lenyewe. Aliondoka ameshika mkoba wake mwenyewe. Huduma hiyo ilikuwepo katika hospitali chache sana nchini na bado haijaenea; mgonjwa mwenye tatizo dogo kama lake anaweza kufia mkoani kwa sababu tu ya umbali.

Mwingine alikuwa dada wa makamo aliyeingizwa kwa matundu na kuamka na mshono mrefu. Alilia siku ya kwanza. Ndugu zake walimlalamikia daktari kwamba ameshindwa. Daktari akawaeleza kwamba aliingia, akakuta makovu matupu, akatafuta ile picha ya vitu viwili, hakuiona, akafungua. Yule dada alipona bila tatizo lolote, akaniacha pale na plasta zangu ndogo zilizokwishabanduka. Tangu nimwone sikubali kusikia mtu akisema upasuaji wa matundu "uliharibika" kwa sababu daktari alifungua tumbo. Familia zetu zikiendelea kuwadharau madaktari wanaofungua, tutakuwa tunawafundisha wenzao wasifungue.

Mgonjwa wa tatu alikuwa mzee ambaye jiwe lake moja lilivuka hadi kwenye mrija mkuu kabla ya upasuaji, nalo likaachwa humo. Alirudi na manjano wiki chache baadaye akidhani kadhulumiwa. Jiwe likatolewa kwa kamera. Hayo nayo hutokea, pamoja na damu, usaha kitovuni, na utumbo kutobolewa na chombo bila mtu kuona. Februari 2010 mbunge mkongwe wa Marekani, John Murtha, alifariki siku chache baada ya upasuaji huu, na iliripotiwa kwamba utumbo wake ulijeruhiwa. Alikuwa ametibiwa katika hospitali kubwa ya jeshi la majini la nchi yake.

Kama mwalimu wa historia, aliyenikaa moyoni zaidi ni Anthony Eden. Nilikuwa nimefundisha mgogoro wa Suez wa mwaka 1956 kwa vidato vingi bila kujua tumbo la waziri mkuu yule lilikuwa na nini. Aprili 1953, akiwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alitolewa mfuko wa nyongo mjini London, kwa upasuaji wa wazi wa enzi hizo, na mrija wake mkuu ukajeruhiwa. Alikaribia kufa. Miezi michache baadaye alipelekwa Boston, Marekani, ambako Richard Cattell alimtengenezea njia mpya ya nyongo. Alirudi kazini, akawa waziri mkuu mwaka 1955, lakini homa zilimrudia, na zilikuwepo katika majira yaleyale ya Suez. Januari 1957 alijiuzulu kwa sababu ya afya. Wanahistoria wanabishana ni kiasi gani ugonjwa uliathiri maamuzi yake. Mimi nilichokiona katika habari zake ni kwamba ajali hii ni kongwe kuliko kamera, na kwamba kutengenezwa vizuri si mwisho wa safari.

Njia yangu mpya ilitengenezwa na timu iliyozoea kazi hiyo. Walikata kipande cha utumbo mwembamba, wakakipandisha hadi kwenye mlango wa ini na kukishona na mabaki ya mrija, kwa mtindo wenye jina la Mswisi César Roux. Tumbo langu sasa lina kovu refu kuliko la yule dada wa makamo. Daktari aliniambia jambo ambalo nimelihifadhi: ukarabati wa kwanza ndio wenye nafasi nzuri kuliko yote, kwa hiyo aliyemjeruhi mgonjwa asijaribu kumshona mwenyewe kama si kazi yake ya kila siku, ampeleke. Gharama zilikula kiwanja chetu na michango ya ukoo mzima. Bima ililipa sehemu. Mume wangu alitaka tuanzishe malalamiko, akaenda kuomba kumbukumbu za upasuaji wa kwanza. Alipewa karatasi yenye mistari michache iliyosema mfuko umetolewa na mgonjwa yu salama. Makovu ya ndani hayakutajwa, wala kama vile vitu viwili vilionekana au havikuonekana. Tukaliacha shauri lile, na sijui hadi leo tungelishinda kwa kutumia nini.

Hayo ndiyo niliyomsimulia binti wa kaka yangu, kisha nikamwambia akubali upasuaji. Mawe hayayeyuki kwa kuogopwa, na kungoja kutamletea makovu niliyoyapata mimi. Kwa mwenye selimundu kungoja kuna ubaya mwingine: upasuaji wa dharura akiwa na homa na amekauka maji ni hatari kwake kuliko uliopangwa, ambapo anawekewa maji mapema, anatunziwa joto na oksijeni, na kuongezewa damu ikionekana lazima. Nilimwambia aende na baba yake wakamuulize daktari anapasua wagonjwa wa namna hii mara ngapi kwa mwezi, atafanya nini asipoona vizuri, nyongo ikivuja atampeleka hospitali gani, na usiku wa manane ampigie nani. Kaka alihofu kwamba maswali hayo ni utovu wa adabu. Daktari, kwa sifa yake, aliyajibu yote, na kwa la pili alisema bila kusita kwamba atafungua.

Bado kuna jambo moja, nalo lilinipata miaka mingi baada ya kushonwa, nilipokuwa nimeanza kujihesabu mzima. Nilikuwa kijijini kwa mama mkwe. Jioni nilishikwa na baridi ya kutetemesha meno, homa kali ikafuata. Kwetu homa na baridi ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Kipimo kilionyesha hakuna vimelea, lakini duka la dawa lilikuwa limeshanipa dawa ya mseto, na watu wa nyumbani wakaona nimeshatibiwa. Kumbe ule mshono wa juu ulikuwa umeanza kubana, nyongo ikawa inatuama, na vijidudu vya utumboni vilikuwa vimepanda hadi kwenye ini. Maambukizi hayo yanaweza kuua kwa siku chache. Katika zahanati nilitoa mkobani karatasi ambayo timu ya Dar es Salaam ilinichapia na kuniagiza nisiiache nyumbani: imeandikwa kwa Kiswahili, ina mchoro, inaeleza nyongo yangu inapita wapi, inasema homa yenye kutetemeka ni ya ini hadi ithibitishwe kuwa kitu kingine, inataja dawa za kuanza nazo na namba ya simu ya wodi. Mganga wa zamu aliisoma, akapiga ile namba, ikapokelewa. Akanitundikia dawa na kunipakia kwenye gari ya halmashauri. Mshono ulipanuliwa kwa puto lililopitishwa ubavuni, na napimwa ini kila baada ya muda.

Karatasi ya aina ile haina gharama ya kutisha, na haifai kungoja mgonjwa aharibike ndipo aipate. Kila anayetolewa mfuko wa nyongo, kwa matundu au kwa kufunguliwa, apewe siku anayoruhusiwa: nini kimefanyika, nini kilionekana, dalili zipi zisivumiliwe, na namba inayopokelewa usiku na mtu mwenye mamlaka ya kusema "njoo sasa hivi". Iandikwe kwa Kiswahili. Nimeiomba hospitali atakayopasuliwa binti yetu impe yake kabla hajavua gauni la wodi, na wamekubali kuiandaa.